Miaka ya Kumngoja D'Angelo

Kati ya Januari 2000, D'Angelo alipotoa albamu yake ya pili iitwayo Voodoo, na Desemba 2014, alipotoa ya tatu iitwayo Black Messiah, mimi nilimaliza shule, nikapanga chumba, nikaoa, nikahama mtaa na kubadilisha kazi, na muziki wake nikauhamisha kutoka kwenye kaseti hadi kwenye CD, kutoka kwenye CD hadi kwenye flashi, na hatimaye hadi kwenye simu. Sijawahi kumngoja mtu mwingine yeyote kwa muda mrefu namna hiyo, na huyu wala hakujua kama nipo. Mke wangu amekuwa akiniuliza, wakati mwingine kwa utani na wakati mwingine kwa kuchoka, kwa nini mtu mzima wa Dar es Salaam ahangaike na mwanamuziki wa Virginia ambaye katika maisha yake yote alitoa albamu tatu tu za studio. Jibu langu limekuwa refu mno kwa mazungumzo ya mezani, ndiyo maana naliandika hapa: sehemu kubwa ya ninachokijua kuhusu kusikiliza muziki nilikipata katika miaka ambayo hapakuwa na kipya cha kusikiliza.

Jina lake la kuzaliwa ni Michael Eugene Archer. Alizaliwa tarehe 11 Februari 1974 mjini Richmond, akiwa mtoto wa mhubiri wa Kipentekoste, na piano alianza kuipapasa akiwa bado mdogo sana kabla ya kuwa mpigaji kanisani. Albamu yake ya kwanza, Brown Sugar, ilitoka mwaka 1995 na ikamfikia kaka yangu kwa njia iliyoleta muziki mwingi wa Marekani mtaani kwetu wakati ule. Mtu alirudi kutoka Uingereza na CD, CD ikapelekwa kwa fundi wa kurekodi kanda Kariakoo, na nakala zikaanza kutembea nyumba kwa nyumba, kila moja ikiwa hafifu kidogo kuliko iliyoitangulia. Nakala yetu ilikuwa na mvumo wa chini usioisha, na kwa miaka kadhaa niliuhesabu mvumo huo kuwa sehemu ya muziki.

Voodoo ilipotufikia ilileta matatizo yake. Ina nyimbo 13 na inakaribia dakika 79, kwa hiyo haikuingia kwenye kanda ya dakika 60. Ilibidi ununue ya dakika 90, ambayo utepe wake ulikuwa mwembamba na redio ilikuwa haichelewi kuula. Wimbo wa kumi na mbili, uitwao Untitled (How Does It Feel), unakwenda polepole kwa zaidi ya dakika saba, sauti zinapanda, gitaa linapanda, na palepale kileleni unakatika ghafla kama umeme wa mgao. Kaka yangu alirudi Kariakoo kwa hasira kudai kipande kilichobaki. Fundi hakubishana naye. Aliichukua CD yenyewe, akaiweka, akamwacha asikilize mpaka mwisho, na CD nayo ikakatika palepale.

"Mdogo wangu," akamwambia, "malalamiko haya yapeleke Marekani."

Kilichotusumbua zaidi, hata hivyo, kilikuwa mapigo. Tulizoea muziki ambao dramu na besi vinatua pamoja, lakini katika Voodoo mguu wako unatua kwanza, kisha unangoja, ndipo besi ya Pino Palladino inafika. Hakuna kinachopwaya wala mtu aliyepotea. Ni kuchelewa kwa makusudi, na kila mpigaji anachelewa kwa kiasi chake. Baadaye sana ndipo nilipoelewa chanzo chake. Mtayarishaji J Dilla wa Detroit alikuwa akipiga mapigo kwa vidole kwenye mashine ya MPC bila kuiruhusu mashine iyanyooshe, na D'Angelo akamtaka Questlove, mpiga dramu wa The Roots aliyekuwa anasifika kwa kushika mwendo ulionyooka, ajifunze kuyumba namna ile kwa mikono na miguu yake mwenyewe. Questlove ameeleza mara nyingi jinsi jambo hilo lilivyokuwa gumu, kwa sababu ilimbidi aiache sifa aliyojijengea kwa miaka.

Kazi hiyo waliifanya Electric Lady, studio ambayo Jimi Hendrix aliijenga New York na ikafunguliwa mwaka 1970, na waliifanya kwa muda ambao kampuni nyingi za muziki zisingeuvumilia. Walikuwa wakitazama kanda za video za maonyesho ya wakongwe, kisha wanaingia kwenye vyombo na kupiga nyimbo za watu kwa saa nyingi, na mle ndani ya kupiga nyimbo za wengine wimbo wao wenyewe unajitokeza. Fundi mitambo Russell Elevado alirekodi yote kwenye tepu. Vyumba vya jirani vilikuwa na Erykah Badu, Common na wengine wa kundi lile waliojiita Soulquarians, na wanamuziki walikuwa wakivuka kutoka chumba hadi chumba. Kwa hiyo hata Voodoo yenyewe ilikuja baada ya karibu miaka mitano ya kungojwa, na aliyekuwa makini angeweza kuona tangu hapo kwamba huyu si mtu wa kutoa albamu kila msimu.

Kwetu sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi, kungoja albamu lilikuwa jambo geni. Ukiwa mpenzi wa Msondo au wa Sikinde, wimbo mpya uliusikia kwanza ukumbini. Bendi iliupiga wiki hii, wiki ijayo ikabadilisha kiitikio, mwezi ujao ikarefusha sehemu ya gitaa kwa sababu wachezaji hawakutaka kukaa, na ulipofika wakati wa kwenda kurekodi Redio Tanzania wimbo ulikuwa umeshapikwa na umati. Mashabiki walikuwa ndani ya kazi yenyewe bila kujua. D'Angelo alikuwa akifanya jambo lilelile, la kupiga na kurudia mpaka wimbo ukomae, isipokuwa kwamba ukumbi wake ulikuwa umefungwa na hapakuwa na mchezaji wa kumwambia sasa inatosha. Nadhani hapo ndipo penye sababu moja ya ucheleweshaji ambayo waandishi wa Marekani hawaigusi sana, kwa kuwa wao wamezoea kuiona studio kuwa ndiyo mahali muziki unapozaliwa.

Sababu nyingine wameiandika vizuri, na inatuhusu sisi mashabiki. Video ya Untitled, iliyoongozwa na Paul Hunter pamoja na meneja wake Dominique Trenier, inamwonyesha D'Angelo akiwa peke yake mbele ya giza, kifua wazi, kamera ikizunguka mwili wake taratibu. Ilimfanya awe maarufu kwa kiwango ambacho muziki pekee usingemfikisha, na katika ziara ya mwaka 2000 watu walikuja kudai walichokiona kwenye televisheni. Alikuwa na bendi kubwa na nzito, iliyoitwa Soultronics, Anthony Hamilton akiwa miongoni mwa waitikiaji wake, lakini sauti kutoka kwenye viti zilikuwa zikimwambia avue nguo. Questlove amesimulia kwamba yalikuwapo maonyesho yaliyochelewa kwa sababu mwenyewe alijitazama kwenye kioo akaona mwili hauko kama wa kwenye video. Sisi wa huku hatukununua tiketi wala kupiga kelele, lakini mtaani kwetu pia wimbo ule ulijulikana kama "ule wa yule jamaa asiye na shati", na walioweza kutaja wimbo mwingine wa albamu ile walikuwa wachache. Voodoo ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya R&B mwaka 2001. Baada ya hapo mwenyewe akanyamaza.

Miaka ya kwanza ya kimya haikuwa ya huzuni, kwa sababu tuliamini albamu iko njiani, na wakati tunangoja niliingia kwenye tabia ambayo sijaiacha mpaka leo, ya kusoma majina yaliyo kwenye kijitabu cha CD na kuyafuata moja moja. Nilianza na Roy Hargrove, mpiga tarumbeta aliyetengeneza zile sauti za upepo zinazoingia kama watu wanaonong'ona kwenye Voodoo. Kumfuata yeye kulinipeleka kwenye jazi, ambayo nilikuwa nimeiona siku zote kuwa muziki wa hoteli, na mwaka 2003 kulinilipa, kwa maana bendi yake ya RH Factor ilitoa albamu iitwayo Hard Groove ambayo ndani yake D'Angelo anaimba wimbo mmoja, I'll Stay, kwa ulegevu wa mtu anayezungumza usingizini. Kumfuata Raphael Saadiq kulinipa wimbo Be Here wa mwaka 2002. Kulikuwa pia na albamu ya kumuenzi Fela Kuti, Red Hot + Riot, iliyotoka mwaka huohuo, ambamo D'Angelo yumo pamoja na Femi Kuti, mwana wa Fela, katika Water No Get Enemy. Huo niliusikiliza kwa furaha ya pekee, kwa sababu albamu ya Voodoo inafungwa na wimbo uitwao Africa, kuhusu mtu anayejua asili yake iko huku ilhali yeye yuko mbali, na sasa nilikuwa namsikia akiwa ndani ya bendi ambayo mapigo yake yanatoka Lagos.

Ningekuwa nimepata albamu mpya kila miaka miwili, nina hakika nisingevifikia vyote hivyo. Ningekuwa na D'Angelo peke yake, tena kwa kumsikiliza juujuu. Kutokuwapo kwake kulinilazimisha nijue kwamba sauti niliyoipenda haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya Palladino na besi yake, ya Hargrove, ya kinanda cha James Poyser, ya Charlie Hunter ambaye gitaa lake la nyuzi nane linapiga besi na gitaa kwa wakati mmoja, na ya Elevado anayejua tepu inapendeza ikifikishwa wapi. Siku hizi kijana akiniambia anampenda mwanamuziki fulani, swali langu la kwanza ni nani anayempigia dramu, na wengi hunitazama kama mzee anayetafuta ugomvi.

Kisha zikaja habari mbaya. Katikati ya muongo ule tulisoma kwenye intaneti kafe kwamba amekamatwa, na baadaye mwaka 2005 kwamba amepata ajali mbaya ya gari karibu na Richmond na kuvunjika mbavu. Picha ya polisi iliyosambaa ilimwonyesha akiwa amevimba uso, macho yamechoka, na watu walioiona waliizungumzia kwa namna ileile waliyoizungumzia video, yaani waliuzungumzia mwili wake. Mambo ya pombe na dawa za kulevya, na ya vifo vya watu aliowapenda, yaliandikwa kwa kirefu baadaye, hasa katika jarida la GQ mwaka 2012, na mwenye kutaka kuyajua yapo. Mimi nilijifunza kuzisoma habari hizo mara moja tu na kutozirudia. Shabiki aliye mbali ana hatari ya kuanza kufuatilia maanguko ya mtu kwa hamu ileile anayofuatilia muziki, kwa kuwa muziki haupo na maanguko yapo kila siku.

Kaka yangu alikata tamaa wakati huo. Tulikuwa kwake Tabata jioni moja, redio inapiga kitu kingine kabisa, nami nikataja kwamba nimesoma mahali fulani kuwa albamu itatoka mwaka ujao.

"Mdogo wangu, achana naye," akasema. "Huyo amekwisha. Mtu akikaa kimya namna hii hana kitu tena."

"Kaka, labda anafanya kazi."

"Kazi gani ya miaka yote hii? Hata nyumba inaisha."

Sikuwa na jibu. Jambo ambalo sote wawili hatukulijua ni kwamba katika miaka hiyohiyo D'Angelo alikuwa akijifunza gitaa kwa bidii ya mwanafunzi. Alikuwa mtu wa vinanda, na aliamua kuanza tena na chombo kingine katika umri ambao wenzake walikuwa wanaishi kwa nyimbo zao za zamani.

Ahadi ziliendelea kuja, na ahadi hizo zilinifundisha kutoziamini asilimia. Mwaka 2007 Questlove alipeleka wimbo usiokamilika uitwao Really Love kwenye redio ya Triple J ya Australia, jambo ambalo halikumfurahisha mwenye wimbo, na sisi tukaupata kwa kuupakua usiku kucha kwenye laini ya intaneti iliyokuwa ikikatika. Nilifikiri mlango umefunguka. Mwishoni mwa 2011 Questlove huyohuyo akasema kwamba albamu imekamilika kwa asilimia 97, na mashabiki tukaanza kupiga hesabu ya muda unaohitajika kwa asilimia tatu. Ilihitaji miaka mitatu. Tangu hapo, fundi yeyote akiniambia kazi imefika asilimia tisini na kitu, iwe ni ya kabati au ya gari, namuuliza kilichobaki ni kitu gani hasa, kitaje kwa jina lake. Wakati huo mikataba ilikuwa imehama kutoka Virgin kwenda J Records, na J Records nayo ikamezwa na RCA, kwa hiyo hata ndani ya kampuni walikuwa wachache waliokuwapo tangu mwanzo na ambao wangeweza kumwambia mtu ukweli.

Mwaka 2012 ukumbi ulifunguliwa hatimaye. Mwezi Januari D'Angelo alipanda jukwaani Stockholm, onyesho lake kamili la kwanza baada ya zaidi ya muongo mmoja, na kabla siku haijakwisha video zilizopigwa kwa simu zilikuwa YouTube. Picha zilikuwa zinatikisika, sauti ya besi imepasuka, na mbele ya kamera kuna kichwa cha Mswidi mmoja mrefu ambacho mpaka leo nakikumbuka kwa umbo. Katika maonyesho ya mwaka ule alipiga nyimbo mpya, Sugah Daddy na The Charade zikiwamo, na nikatambua kwamba sasa tuko kwenye utaratibu ninaoujua tangu utoto, ambapo wimbo unatembea na watu kwanza, rekodi inafuata. Nilimwonyesha kaka ile ya Sugah Daddy kwenye simu yangu. Aliitazama mara mbili bila kusema neno, akaniomba nimtumie.

Namna Black Messiah ilivyotoka haikuwa ile tuliyoitarajia. Mipango ilikuwa itoke mwaka 2015. Tarehe 9 Agosti 2014 kijana Michael Brown aliuawa kwa risasi na polisi mjini Ferguson, jimbo la Missouri. Tarehe 24 Novemba jopo la raia likaamua polisi yule asishtakiwe, na siku chache baadaye, tarehe 3 Desemba, uamuzi kama huo ukatolewa New York kuhusu polisi aliyemkaba Eric Garner hadi kufa. Maandamano yalienea nchi nzima, na D'Angelo, ambaye alikuwa amekataa kuharakishwa na kampuni, mameneja na mashabiki wa dunia nzima, akaharakisha mwenyewe. Tangazo fupi la sekunde chache lilitoka Ijumaa, na usiku wa kuamkia tarehe 15 Desemba albamu ikatoka huko New York, wakati hapa kwetu ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi, watu wako kwenye foleni ya kuingia mjini. Mimi nilikuwa ndani ya daladala. Ujumbe ulitoka kwa kaka, ukiwa na maneno mawili tu: "Ametoa. Sikiliza."

Sikusikiliza siku ile, maana bando langu lisingetosha na sikutaka kuisikia kwa vipande. Dada yetu aliyekuwa Uingereza alinunua CD na ikafika kwa mtu aliyekuja likizo ya mwaka mpya, na hiyo ndiyo niliyoisikiliza, usiku, kwa spika za kweli. Ndani ya kijitabu chake kuna maelezo kwamba jina la albamu halimhusu mtu mmoja anayejiona mkombozi, bali watu wanaoinuka mahali popote walipochoshwa, na miongoni mwa mahali hapo wametaja Ferguson na Misri. Kuna pia maelezo ya fundi mitambo kwamba hakuna programu ya kidijitali iliyotumika kuongeza chochote, kila kitu kimerekodiwa na kuchanganywa kwenye tepu na mitambo mingi ya zamani. Nyimbo ni 12, dakika hazifiki 60.

Mara ya kwanza sikuyasikia maneno hata kidogo. Sauti yake imepangwa tabaka juu ya tabaka, wakati mwingine imezamishwa chini ya gitaa, na msikilizaji anayeijua Brown Sugar angeweza kudhani mchanganyaji amekosea. Ukitulia unagundua kwamba ameiweka sauti yake mahali pa chombo, miongoni mwa vyombo vingine, na albamu imeandikwa kwa jina la D'Angelo na Vanguard, yaani yeye na bendi. Mtu aliyeteswa na kutazamwa peke yake mbele ya giza alirudi akiwa amejificha ndani ya kundi, na kundi lile ni la watu ambao miaka ya kungoja ilikuwa imenifundisha majina yao: Palladino, Hargrove, Questlove, na wapya kama Kendra Foster, aliyeandika naye nyimbo nyingi, na mpiga gitaa Isaiah Sharkey. Nilisikia gitaa la D'Angelo mwenyewe na nikaelewa miaka ilikwenda wapi. Nilisikia Really Love, ile tuliyoipakua ikiwa nusu, sasa ikiwa imevikwa vinanda vya nyuzi vilivyopangwa na Brent Fischer, ikianza kwa sauti ya mwanamke anayezungumza Kihispania.

Wimbo ninaourudia zaidi ni Back to the Future. Humo anawatania wanaotaka kujua hali yake ikoje siku hizi, na anasema anatumaini hawaulizii tumbo lake. Ni mzaha wa mstari mmoja, unaopita haraka juu ya mapigo mepesi ya kuchezeka, na nilipoushika mara ya kwanza nilicheka kwa sauti, kisha nikaurudisha nyuma nisikie vizuri. Alikuwa ametusikia muda wote.

Februari 2016 Black Messiah ilipata Grammy ya albamu bora ya R&B, na Really Love ikapata ya wimbo bora wa R&B. Kisha kimya kikarudi, na safari hii sikuhangaika. Nilikuwa na wengine wa kuwangoja: Maxwell, ambaye aliahidi albamu tatu zinazofuatana, ya kwanza ikatoka 2009, ya pili 2016, na ya tatu bado tunaitazamia, na Sade, ambaye albamu yake ya mwisho ni ya mwaka 2010. Shabiki wa soul asiyeweza kungoja ahamie muziki mwingine, na upo mwingi mzuri. Kwa D'Angelo palikuwa na kimoja hapa na kimoja pale, kama Unshaken aliouimba kwa ajili ya mchezo wa video mwaka 2018. Mwaka 2024 Raphael Saadiq akasema hadharani kwamba wako studio wanafanyia kazi albamu ya nne na kwamba mwenyewe yuko katika hali nzuri. Hakutaja asilimia, nami nikashukuru.

Tarehe 14 Oktoba 2025 D'Angelo alifariki kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 51. Mapema mwaka huohuo, mwezi Machi, alikuwa ametangulia kufa Angie Stone, mwimbaji waliyezaa naye mtoto wa kiume, katika ajali ya barabarani. Kaka yangu alinipigia simu na tukazungumza muda mrefu, kidogo sana kuhusu msiba na zaidi kuhusu tepu zilizobaki. Yeye anataka zitolewe zote, haraka, kwa hoja kwamba tumengoja vya kutosha. Mimi siko upande huo. Mtu aliyeweza kukaa na mchanganyo mmoja wa wimbo kwa miaka hawezi kumaliziwa na ofisi ya kampuni inayotafuta sikukuu ya kuuzia, na nisingependa kusikia sauti yake ya majaribio imefunikwa na wageni waliolipwa kuziba mapengo.

Lakini kaka alinikumbusha jambo ambalo nilikuwa nimelisahau, na limeilegeza hoja yangu. J Dilla alipofariki Februari 2006, albamu yake The Shining ilikuwa karibu robo tatu tu, na aliyeimalizia ni rafiki yake, mpiga dramu Karriem Riggins. Mmoja wa walioimba humo ni D'Angelo mwenyewe, katika So Far to Go, na sijawahi kuusikiliza wimbo ule nikaona kuna mtu aliyedhulumiwa. Kwa hiyo tumeafikiana hivi, mimi na kaka: albamu ya nne ikitoka, kwanza tutasoma majina kwenye kijitabu. Tukimkuta Saadiq, au Elevado kwenye mitambo, au Questlove na Palladino mle ndani, nitanunua nakala mbili na moja nitampelekea Tabata.